Utulivu kama Tendo la Pamoja: Mawasiliano ya Marubani na Waongoza Ndege katika Dharura za Kutua

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna marubani na waongoza ndege wanavyoshirikiana kwa utulivu pale ndege inapolazimika kutua katika hali ya dharura. Data zinazojadiliwa zinatokana na matukio matatu yaliyochunguzwa na kuwekwa wazi kwa umma nchini Marekani: safari namba 232 ya United Airlines (1989), safari namba 52 ya Avianca (1990) na safari namba 1549 ya US Airways (2009). Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Tendo Uneni iliyoasisiwa na Austin (1962). Hoja kuu ni kwamba utulivu unaookoa maisha si sifa ya mtu mmoja mwenye moyo mgumu, bali ni zao la mgawanyo wa kazi, istilahi zilizokubalika na uhuru wa kila upande kusema lisilowezekana. Aidha, makala yanaonesha kwamba utulivu wa sauti usioambatana na neno sahihi unaweza kuwa chanzo cha maafa.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kawaida, rubani aliyetua salama baada ya injini kuzimika husifiwa kwa ujasiri wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini huficha jambo la msingi. Rubani huyo hakuwa peke yake. Kando yake alikuwapo rubani msaidizi, nyuma yake wahudumu wa ndege, na chini, katika chumba ambacho mara nyingi hakina hata dirisha la kutazama anga, alikuwapo mwongoza ndege aliyeiona ndege hiyo kama alama ndogo kwenye kioo cha rada. Watu hao hawaonani. Kinachowaunganisha ni sauti inayopita katika masafa ya redio, na mara nyingi masafa hayo yanatumiwa na ndege nyingine kadhaa kwa wakati uleule.

Kwa hiyo, dharura ya kutua ni tatizo la kiufundi na pia ni tatizo la lugha. Rubani anajua hali ya ndege yake lakini hajui kikamilifu hali ya anga na viwanja vinavyomzunguka. Mwongoza ndege anajua hali ya anga na viwanja lakini hawezi kujua kinachotokea ndani ya ndege isipokuwa aambiwe. Kila mmoja ana nusu ya maarifa yanayohitajika. Swali linaloongoza makala haya ni hili: nusu hizo mbili hukutanaje kwa haraka bila kuvurugana?

2.0 Msingi wa Nadharia na Istilahi za Dharura

Austin (1962) alibainisha kwamba kuna semi ambazo hazielezi tu jambo, bali hulitenda. Anayesema "naahidi" hatoi taarifa kuhusu ahadi, anaahidi. Ili tendo hilo lifanikiwe, ni lazima masharti fulani yatimie: msemaji awe na mamlaka, mazingira yawe mwafaka, na maneno yawe yale yanayotambulika na jamii husika.

Neno "Mayday" ni mfano bora wa tendo uneni la aina hiyo. Neno hili lilianza kutumika katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, katika miaka ya 1920. Lilitokana na tamko la Kifaransa lenye maana ya "nisaidie", na mwaka 1927 lilikubaliwa kimataifa kuwa wito wa hatari katika redio ya sauti. Kwa mujibu wa taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), rubani hulitamka mara tatu anapokabiliwa na hatari kubwa inayohitaji msaada wa mara moja. Kwa hali ya haraka ambayo bado haijawa hatari ya papo hapo, hutumika wito wa "Pan-pan". Pamoja na wito huo, rubani anaweza kuweka tarakimu 7700 katika kifaa cha utambulisho cha ndege, na alama yake katika rada za waongoza ndege ikaonesha kuwa ina dharura.

Umuhimu wa maneno haya hautokani na uzito wa sauti ya anayeyatamka. Yakitamkwa, haki na wajibu wa wahusika hubadilika. Ndege iliyotangaza hatari hupewa kipaumbele mbele ya nyingine zote. Masafa hunyamazishwa kwa wengine. Mwongoza ndege huacha kuipanga katika foleni na kuanza kuhamisha foleni yenyewe. Rubani naye hupata nafasi ya kukiuka kanuni za kawaida kwa kadiri dharura inavyodai. Maneno mengine, hata yakiwa na maana inayokaribiana, hayana nguvu hiyo ya kutenda.

3.0 Mgawanyo wa Kazi

Marubani hufundishwa mpangilio wa vipaumbele vitatu: kwanza kuirusha ndege, pili kujua inakoelekea, tatu kuwasiliana. Mawasiliano yamewekwa mwisho kwa makusudi. Ndege isiyodhibitiwa haiokolewi na mazungumzo mazuri. Hata hivyo, mpangilio huu unawezekana kwa sababu ndani ya chumba cha marubani kazi zimegawanywa. Mmoja huirusha ndege. Mwingine hufuatilia vipimo, husoma orodha ya hatua za dharura na kwa kawaida huzungumza na redio.

Mafunzo ya ushirikiano wa namna hii yalipata msukumo mkubwa baada ya ajali ya safari namba 173 ya United Airlines karibu na Portland, tarehe 28 Disemba 1978. Wakati marubani wakishughulikia hitilafu ya magurudumu, mafuta yaliisha angani na watu 10 wakafariki. Dalili za kupungua kwa mafuta zilikuwapo, na zilitajwa na wasaidizi wa kapteni, lakini hazikusemwa kwa namna iliyomfanya abadili uamuzi. Kuanzia 1981, kampuni hiyo ilianza kuwafundisha wafanyakazi wake kutumia maarifa ya kila aliyemo katika chumba cha marubani. Msaidizi alifundishwa kusema waziwazi, na kapteni akafundishwa kusikiliza.

Kwa upande wa ardhini, waongoza ndege wa nchi nyingi hufundishwa mfuatano wa hatua unaofanana: kuthibitisha kwamba wito umesikika, kuziweka mbali ndege nyingine, kunyamazisha masafa, kuwaarifu zimamoto na wakubwa wa kazi, kutoa msaada unaoombwa, na kumpa rubani muda. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hulka ya binadamu anayetaka kusaidia ni kuuliza maswali. Kila swali linalofika kwenye ndege yenye dharura ni kazi mpya kwa mtu ambaye tayari ameelemewa.

4.0 Safari Namba 52: Utulivu Uliokosa Neno

Jioni ya tarehe 25 Januari 1990, ndege aina ya Boeing 707 ya kampuni ya Avianca ilikuwa ikitoka Bogotá kupitia Medellín kuelekea uwanja wa John F. Kennedy, New York. Ilikuwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na msongamano ulikuwa mkubwa. Ndege hiyo ilitakiwa kuzunguka angani kusubiri katika vituo vitatu, kwa jumla ya muda wa takribani saa 1 na dakika 17. Kapteni hakuwa na umilisi mkubwa wa Kiingereza, hivyo mazungumzo ya redio yalifanywa na rubani msaidizi.

Walipoambiwa kuwa wangesubiri zaidi, rubani msaidizi alieleza kwamba walidhani wanahitaji kupewa kipaumbele. Alipoulizwa wangeweza kusubiri kwa muda gani, alijibu kuwa ni dakika 5 tu, na kwamba uwanja wa akiba, ambao ulikuwa Boston, haukuweza kufikika tena. Taarifa hiyo ilikuwa nzito mno. Lakini haikuwa na neno la dharura, na ilipopokezwa kutoka kwa mwongoza ndege mmoja hadi mwingine, sehemu iliyohusu Boston haikufika. Aliyefuata alipokea ndege ambayo haikuweza kusubiri zaidi ya dakika 5, akaiondoa katika mzunguko na kuiweka katika foleni ya kutua. Kwa mtazamo wake, ombi lilikuwa limetekelezwa.

Jaribio la kwanza la kutua halikufanikiwa na ndege ikalazimika kupaa tena. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kinaonesha kwamba kapteni alimwagiza msaidizi wake awaambie kuwa wako katika dharura, na baadaye akauliza kama ameshawaambia. Msaidizi alijibu kuwa ameshawaambia. Ukweli ni kwamba alichokuwa amekisema ni kuwa mafuta yanawaishia, na alikitaja baada ya kurudia maelekezo ya mwelekeo na kimo, mithili ya mtu anayeongeza jambo dogo mwishoni mwa barua. Mwongoza ndege alipomweleza kwamba angemrudisha kwa mzunguko wa umbali wa maili 15 hivi, na kumuuliza kama hilo linafaa kwake na kwa mafuta yake, alijibu kuwa anadhani linafaa, na akashukuru. Muda mfupi baadaye injini zilizima. Ndege ilianguka Cove Neck, katika kisiwa cha Long Island, na watu 73 walipoteza maisha.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani (NTSB) ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa ni marubani kushindwa kusimamia mafuta ipasavyo na kushindwa kuwaarifu waongoza ndege kuhusu dharura ya mafuta kabla hayajaisha. Miongoni mwa mambo yaliyochangia, bodi ilitaja ukosefu wa istilahi sanifu na zinazoeleweka kwa pande zote mbili kuhusu hali ya upungufu wa mafuta.

Katika tukio hili hakuna aliyepiga kelele wala aliyemdharau mwenzake. Adabu ilikuwapo, na sauti zilikuwa tulivu. Linde (1988), katika uchambuzi wake wa mazungumzo ya marubani, alikwisha kuonesha kwamba semi zilizolainishwa kwa ajili ya adabu zina uwezekano mdogo zaidi wa kupokelewa na kufanyiwa kazi kuliko zile zilizosemwa waziwazi. Rubani msaidizi wa safari namba 52 alilainisha kila usemi wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi hayakufichwa kwa kukusudia, bali yalivishwa maneno ya heshima kiasi kwamba aliyeyasikia hakuyatambua.

5.0 Safari Namba 232: Kutua kwa Mikono ya Wengi

Miezi sita kabla ya tukio hilo, tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 ya United Airlines iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilipata hitilafu ambayo haikuwamo katika orodha yoyote ya hatua za dharura. Injini ya mkiani ilipasuka na vipande vyake vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki. Usukani haukuweza tena kuigeuza ndege. Ndani yake kulikuwa na watu 296.

Kapteni Al Haynes hakujifanya kuwa anajua cha kufanya. Aliwapa nafasi wenzake, na aliposikia kwamba miongoni mwa abiria yumo Dennis Fitch, rubani mkufunzi wa aina hiyo ya ndege, alimruhusu aingie na kushika vishikio vya nguvu za injini mbili zilizobaki. Kwa kuongeza nguvu upande mmoja na kupunguza upande mwingine, waliielekeza ndege Sioux City, Iowa. Muda wa kuanzia hitilafu hadi kufika ardhini ulikuwa takribani dakika 44.

Mwongoza ndege Kevin Bachman aliwapa taarifa fupi na zenye manufaa: mwelekeo, umbali, na vizuizi vilivyo mbele. Alipowaruhusu kutua katika njia yoyote ya uwanja huo, Haynes alimjibu kwa mzaha akishangaa kuwa kumbe anataka mpaka watue kwenye njia. Ilipobainika kwamba ndege inaelekea kwenye njia namba 22, ambayo ilikuwa imefungwa na magari ya zimamoto yalikuwa yameegeshwa humo, Bachman hakumtaka rubani abadili mwelekeo. Magari yaliondolewa, na rubani akaelezwa kwamba mwisho wa njia hiyo kuna uwanda wazi. Mwongoza ndege aliielewa mipaka ya ndege na akaufanya uwanja uifuate ndege.

Ndege ilivunjika na kuwaka moto ilipogusa ardhi. Watu 112 walifariki, lakini 184 walinusurika katika ajali ambayo kwa hesabu za kawaida isingemwacha mtu. Eneo hilo lilikuwa limefanya zoezi kubwa la kukabiliana na maafa mwaka 1987, na waokoaji walikuwa tayari kabla ndege haijafika. Hili linaonesha kwamba mazungumzo ya redio yana thamani pale tu yanapounganishwa na watu wanaoweza kuyafanyia kazi.

6.0 Safari Namba 1549: Haki ya Kusema Haiwezekani

Tukio la tatu lilikuwa fupi mno. Alasiri ya tarehe 15 Januari 2009, ndege aina ya Airbus A320 ya US Airways iliondoka LaGuardia, New York, ikiwa na watu 155. Ikiwa katika kimo cha takribani futi 2,800, iligonga kundi la mabata bukini na injini zote mbili zikapoteza msukumo. Kuanzia hapo hadi kugusa maji ya mto Hudson zilipita sekunde 208.

Jeffrey Skiles ndiye aliyekuwa akiirusha ndege. Kapteni Chesley Sullenberger alitamka kwamba sasa ndege ni yake, na Skiles akathibitisha. Semi hizo mbili fupi zilihamisha jukumu zima bila shaka yoyote. Skiles, aliyekuwa amemaliza mafunzo ya aina hiyo ya ndege hivi karibuni, alianza kusoma orodha ya hatua za kuwasha injini. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya dharura za kimo kikubwa, na muda haukutosha kuifikisha mwisho.

Sullenberger alitoa wito wa Mayday, akaeleza kwamba wamegonga ndege wa angani, injini zote mbili zimepoteza nguvu, na wanarudi LaGuardia. Katika wito huo alikosea tarakimu moja ya jina la mwito la ndege yake. Kosa hilo halikuleta madhara, kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa wazi: kilichotokea, matokeo yake na nia ya rubani. Mwongoza ndege Patrick Harten aliwaagiza wenzake wa LaGuardia wasimamishe ndege zinazoondoka, kisha akauliza kama rubani angependa kujaribu njia namba 13. Rubani alijibu kuwa haiwezekani, na kwamba huenda wakaishia mtoni. Harten alimpa njia namba 31. Jibu likawa haiwezekani. Rubani aliuliza kuhusu upande wa New Jersey. Harten aliwasiliana na Teterboro na kupata njia namba 1. Jibu la mwisho lilikuwa kwamba hawawezi, na kwamba watatua Hudson.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kwanza, Harten alitoa msaada kwa njia ya swali na si amri. Kila pendekezo lilimwachia rubani uamuzi. Pili, jibu la kukataa halikuhitaji maelezo wala kuomba radhi. Katika lugha sanifu ya anga lipo neno moja tu la kueleza kwamba agizo haliwezi kutekelezwa, nalo hupokelewa bila kuhojiwa. Harten baadaye alieleza kwamba aliamini yeye ndiye angekuwa mtu wa mwisho kuzungumza na watu wa ndege ile wakiwa hai. Hata hivyo, baada ya kuambiwa kuhusu mto, bado aliitaja Newark na umbali wake, ili lisikosekane chaguo lolote. Watu wote 155 walitoka wakiwa hai. Miongoni mwa mambo yaliyochangia kunusurika kwao, NTSB ilitaja maamuzi ya marubani na ushirikiano wao, kazi ya wahudumu wa ndege, na ukaribu wa waokoaji.

7.0 Mjadala

Ulinganisho wa matukio haya unabainisha mambo matatu. Mosi, utulivu wa sauti na utulivu wa mawasiliano ni vitu viwili tofauti. Sauti za safari namba 52 hazikuwa na taharuki kuliko za safari namba 1549. Tofauti ni kwamba katika safari namba 1549 tendo uneni la kutangaza hatari lilikamilika mwanzoni kabisa, na yaliyofuata yalijengwa juu yake.

Pili, adabu inayofaa katika maisha ya kila siku inaweza kugeuka kizuizi. Jambo hili lina uzito katika jamii ambazo kijana hufundishwa kutomkatiza mkubwa wake, zikiwamo jamii za Waswahili. Marubani na waongoza ndege wengi wa Afrika Mashariki huzungumza Kiswahili nje ya kazi, lakini kazini hutumia Kiingereza, na huingia katika redio wakiwa na kanuni za heshima za lugha zao za awali. Neno sanifu la dharura ni msaada kwao, kwa sababu anayelitamka hamkosei mtu adabu, anatekeleza utaratibu.

Tatu, mfumo hujifunza kwa gharama. Tangu 2008, ICAO imeweka kigezo cha umilisi wa lugha chenye ngazi sita, na rubani au mwongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau ngazi ya nne. Mwaka 2012 taratibu zake ziliweka tofauti bayana baina ya tamko la mafuta ya kiwango cha chini, ambalo ni tahadhari, na wito wa Mayday wa mafuta, ambao ni dharura. Pengo la istilahi lililotajwa baada ya Cove Neck lilizibwa kimataifa zaidi ya miaka 20 baadaye.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utulivu katika dharura za kutua ni tendo la pamoja. Hujengwa kabla ya safari kwa mafunzo na istilahi, na hudhihirika angani kwa semi fupi ambazo kila moja ina kazi yake: kukabidhi ndege, kutangaza hatari, kutoa chaguo, kukataa chaguo. Mtu anaweza kuogopa na bado akatekeleza sehemu yake katika mfumo huo. Mwingine anaweza kuwa mtulivu kabisa na mfumo ukashindwa kwa kukosa neno moja. Kwa watafiti wa Kiswahili, eneo hili linadai kazi ya istilahi na ya isimujamii kwa pamoja. Haitoshi kupata tafsiri za maneno ya anga. Inapasa pia kuchunguza ni kwa namna gani wazungumzaji wa Kiswahili walio kazini husema jambo zito kwa mkubwa wao, wakati muda wa kulilainisha haupo.